Mgeni Akiingia Kwenye Hesabu: Mwongozo Kamili wa Namba Mpya na Wastani

Jioni moja hapa Busia, upande wa Uganda, mtoto wa jirani alinijia na karatasi yake ya matokeo. Yuko kidato cha pili. Masomo saba yalikuwa yamesharudi na wastani wake ulikuwa 62. Siku hiyo somo la nane, jiografia, lilikuwa limetoka, naye amepata 80. "Mwalimu," akaniambia huku uso unameremeta, "sasa wastani wangu ni 71."

Alikuwa amejumlisha 62 na 80, akagawanya kwa mbili. Nilimwambia akae, nikachukua kalamu. Wastani wake wa kweli ulikuwa 64.25.

Kosa hilo nimelikuta kwa wanafunzi, kwa waweka hazina wa vikundi vya akiba, na kwa wenye maghala ya mahindi. Halitokani na uvivu. Mtu ana namba mbili mbele yake, wastani wa zamani na namba mpya, na mkono unaenda wenyewe kuzigawa nusu kwa nusu. Anachosahau ni kwamba 62 ile imebeba masomo saba mgongoni, na 80 imebeba somo moja tu. Ukizigawa nusu kwa nusu umelipatia somo moja uzito wa masomo saba.

Mwongozo huu ni wa kukufundisha njia ya haraka na ya haki: kujua wastani utasogea kiasi gani namba mpya ikiingia, hata kama daftari la zamani limeliwa na mchwa. Utahitaji kalamu, karatasi, na utulivu wa dakika chache.

Tuanze na maziwa

Chukua mfugaji mwenye ng'ombe wanne. Leo wametoa lita 6, 8, 5 na 9. Jumla ni lita 28. Ukimimina yote kwenye mtungi mmoja kisha ugawe sawasawa kwa ng'ombe wanne, kila mmoja anapata lita 7. Huo ndio wastani: kiasi ambacho kila mmoja angekuwa nacho kama vyote vingechanganywa na kugawanywa bila upendeleo.

Sasa angalia kila ng'ombe amesimama wapi ukilinganisha na 7. Wa kwanza amepungukiwa na 1. Wa pili amezidi kwa 1. Wa tatu amepungukiwa na 2. Wa nne amezidi kwa 2. Waliozidi wana ziada ya 3, waliopungukiwa wana upungufu wa 3. Vinalingana, na vitalingana daima, kwa sababu wastani ni mahali pale hasa ambapo ziada yote inaziba upungufu wote. Ukishika jambo hili moja, mengine yote yaliyobaki katika mwongozo huu ni matawi yake.

Mfugaji ananunua ng'ombe wa tano, anayetoa lita 12. Wale wanne walikuwa wametulia kwenye 7, hakuna anayedai. Huyu mpya anaingia na 7 zake kama wengine, halafu ana lita 5 za ziada. Hizo 5 zinagawanywa kwa wote watano, yeye mwenyewe akiwemo. Kila mmoja anaongezewa lita 1, na wastani mpya ni 8. Hakiki: 28 na 12 ni 40, gawanya kwa 5, ni 8.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hesabu ya wastani inafuata methali hiyo neno kwa neno: mgeni akija na ziada, wenyeji wanapona, akija na pengo, wenyeji ndio wanaoliziba.

Hatua zenyewe

Hatua ya 1. Andika vitu viwili tu: wastani wa zamani, na idadi ya namba zilizoutengeneza. Huhitaji namba zenyewe moja moja. Ila bila idadi huwezi kufanya lolote, na hapa ndipo watu wengi hukwama. Mtu anakuambia "wastani wetu ni 200,000," ukimuuliza ni wa watu wangapi, anatazama pembeni. Jizoeze kuandika idadi kando ya kila wastani unaoupata, kwenye mstari uleule.

Hatua ya 2. Toa wastani wa zamani kutoka kwenye namba mpya. Hilo ndilo pengo. Likiwa chanya, wastani utapanda. Likiwa hasi, utashuka. Likiwa sifuri, hautatikisika.

Hatua ya 3. Gawanya pengo kwa idadi mpya, yaani idadi ya zamani na moja.

Hatua ya 4. Jumlisha jibu hilo na wastani wa zamani.

Kwa mstari mmoja:

wastani mpya = wastani wa zamani + (namba mpya − wastani wa zamani) ÷ (idadi ya zamani + 1)

Hatua ya 5. Hakiki kwa jumla. Zidisha wastani wa zamani kwa idadi ya zamani, ongeza namba mpya, gawanya kwa idadi mpya. Majibu mawili lazima yafanane. Usiiruke hatua hii mpaka mkono wako uzoee.

Kwa yule mwanafunzi: pengo ni 80 − 62 = 18. Idadi mpya ni 8. Kumi na nane kwa nane ni 2.25. Wastani mpya ni 64.25. Hakiki: 62 × 7 = 434; 434 + 80 = 514; 514 ÷ 8 = 64.25.

Aliniuliza swali zuri sana: kwa nini tugawe kwa 8 na si kwa 7, wakati masomo ya zamani yalikuwa saba? Kwa sababu mgeni naye anakula. Akiileta ziada yake mezani, hagawii wenyeji peke yao kisha yeye akalala njaa. Sahani yake nayo imo kwenye mgawo. Mtu anayegawa kwa 7 atapata 64.57, na hatua ya 5 itamkamata papo hapo.

Tazama pengo, usitazame ukubwa wa namba

Namba mpya haina wema wala ubaya wake yenyewe. Alama 55 ni alama ya heshima kwa mtoto ambaye wastani wake ni 48, inampandisha. Kwa yule wa 62, 55 hiyohiyo inamshusha. Mfugaji wetu wa ng'ombe wanne akinunua wa tano anayetoa lita 7, wastani wake unabaki 7 kamili, ingawa ana maziwa mengi zaidi nyumbani kuliko jana. Akinunua wa lita 2, pengo ni hasi 5, kila mmoja anapungukiwa lita 1, wastani unakuwa 6. Jumla ya maziwa imepanda kutoka 28 hadi 30 huku wastani umeshuka. Mtu akikuletea habari kwamba wastani umeshuka, muulize kwanza jumla imefanya nini.

Na yapo mambo ambayo namba ndogo ndiyo nzuri. Matokeo ya darasa la saba, PLE, ni mfano ambao kila mzazi wa Uganda anaujua: masomo ni manne, kila somo lina daraja la 1 hadi 9, na jumla bora kabisa ni 4. Kanuni yetu haibadiliki hapo, ila tafsiri yake inageuka. Pengo hasi linakuwa habari njema.

Kundi kubwa halitikisiki kirahisi

Pengo lilelile linafanya kazi tofauti kulingana na idadi ya wenyeji. Chukua pengo la 18. Likiingia kwenye masomo mawili, linagawanywa kwa tatu na wastani unapanda kwa 6. Kwenye masomo nane linagawanywa kwa tisa, unapanda kwa 2. Kwenye shule ya wanafunzi 899, mmoja akiongezeka linagawanywa kwa 900, na wastani unasogea kwa 0.02, kiasi ambacho hata karatasi ya matokeo haitakionyesha.

Ndiyo maana mwanzo wa muhula wastani wa mtoto unarukaruka kama mbuzi, halafu mwisho wa muhula unakuwa mzito kama jiwe la kusagia. Mzazi asishangilie sana wala kulia sana baada ya majaribio mawili. Wiki hizo za mwanzo kila namba mpya ina nguvu kubwa, na vilevile ndizo wiki za kuwekeza bidii, kwa sababu ambazo nitazionyesha kwenye sehemu ya kurudi nyuma.

Kikundi cha akiba: wastani ulipanda, mfuko wa nani uliongezeka?

Hesabu hii inaniuma moyo zaidi kuliko nyingine zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kikundi kina wanachama 24. Wastani wa akiba ni shilingi 200,000. Anaingia mwanachama mpya, mwenye duka, anaweka 700,000 kwa mkupuo. Pengo ni 500,000. Idadi mpya ni 25. Kwa hiyo wastani unapanda kwa 20,000, unakuwa 220,000. Hakiki: 24 × 200,000 = 4,800,000; ongeza 700,000 upate 5,500,000; gawanya kwa 25, ni 220,000.

Mkutanoni inasomwa: "Wastani wa akiba umepanda kwa asilimia 10." Watu wanapiga makofi. Mama anayeuza nyanya kando ya barabara anarudi nyumbani akiamini akiba yake imekua. Haijakua hata shilingi moja. Mgawo ule wa 20,000 kwa kila mtu umefanyika kwenye karatasi tu. Ya mwenye duka bado ni yake, na ya mama wa nyanya iko palepale ilipokuwa.

Nimekaa kwenye kikao cha aina hiyo, nikaona swali likimjaa mama mmoja machoni na asilitoe. Ukiwa mweka hazina, tafadhali soma namba tatu pamoja: wastani wa wanachama wa zamani peke yao, namba ya mwanachama mpya, na wastani wa wote. Inachukua sekunde kumi zaidi, na hakuna mtu atakayerudi nyumbani na furaha ya uongo.

Kinyume chake pia hutokea. Mwanachama wa 25 akijiandikisha leo bila kuweka chochote, pengo lake ni hasi 200,000, na wastani unashuka kwa 8,000 hadi 192,000. Hakuna aliyetoa fedha, hakuna aliyeibiwa, lakini mtu asiyeijua kanuni ataanza kumtazama mweka hazina kwa jicho baya.

Sifuri na nafasi tupu si kitu kimoja

Huyo mwanachama mpya tuhesabu sifuri yake au tuiache nafasi tupu mpaka aweke? Swali hili lina uzito kuliko hesabu yote iliyotangulia, na halijibiwi kwa kikokotoo.

Sifuri ni namba. Ikiingia, inaburuta wastani kwa nguvu zote za pengo lake. Nafasi tupu haiingii kabisa: haiongezi jumla na haiongezi idadi. Mtoto aliyeketi kwenye mtihani akaacha karatasi nyeupe amepata sifuri. Mtoto aliyekuwa amelazwa kwa malaria siku ya mtihani hana alama. Ukimwandikia huyu wa pili sifuri kwenye masomo saba yenye wastani 62, pengo ni hasi 62, gawanya kwa 8, anashuka kwa 7.75 hadi 54.25. Umemwadhibu kwa kuugua.

Mvua nayo ina kanuni yake. Siku isiyo na mvua ni milimita 0 za haki, lazima iingie kwenye wastani wa mwezi. Siku ambayo mtu wa kusoma kipimo hakufika ni nafasi tupu. Ukizichanganya mbili hizi utaifanya Busia ionekane kame kama Karamoja.

Kwa ng'ombe aliyekaushwa akisubiri kuzaa, mimi nashauri uandike wastani miwili: wa wanaokamuliwa, na wa zizi lote. Wa kwanza unakuambia chakula kinafanya kazi. Wa pili unakuambia kama zizi linajilipa.

Kama unatumia Excel, jua kwamba amri ya AVERAGE inaruka chumba kitupu lakini inahesabu chumba chenye 0. Chumba chenye maneno, kwa mfano "hakufika", nacho kinarukwa. Kwa hiyo amua kwanza unamaanisha nini, ndipo uandike.

Kurudi nyuma: nahitaji namba gani?

Mwanafunzi yule, alipoelewa kwamba yuko 64.25, alitaka kujua angehitaji ngapi kwenye jiografia ili awe 65. Geuza kanuni:

namba inayohitajika = lengo + idadi ya zamani × (lengo − wastani wa zamani)

Lengo ni 65, pengo kati ya lengo na wastani wa zamani ni 3, masomo ya zamani ni 7. Saba mara tatu ni 21. Alihitaji 65 + 21 = 86. Maana yake ni rahisi: kila somo la zamani linadai alama 3 ili lifike 65, madeni ni saba, na somo jipya lazima lijitosheleze lenyewe kisha liyalipe yote.

"Na 70?" Deni ni 8 kwa kila somo, mara saba ni 56, ongeza 70, ni 126. Mtihani una alama 100. Haiwezekani. Hata angepata 100 kamili, pengo lingekuwa 38, gawanya kwa 8 upate 4.75, na wastani ungeishia 66.75. Huo ndio ukingo wake. Nadhani ni wema kumwambia mtoto ukingo wake mapema, kabla mzazi hajamwekea sharti ambalo hakuna binadamu anayeweza kulitimiza.

Wakimbiaji wanaijua hesabu hii miguuni. Tarehe 14 Agosti 2020, mjini Monaco, Joshua Cheptegei wa Kapchorwa alikimbia mita 5,000 kwa dakika 12 na sekunde 35.36, rekodi ya dunia. Hizo ni sekunde 755.36 kwa mizunguko 12 na nusu ya mita 400: wastani wa sekunde 60.43 kwa mzunguko. Rekodi aliyoivunja, ya Kenenisa Bekele wa Ethiopia, ilikuwa dakika 12 na sekunde 37.35, na ilikuwa imesimama tangu 2004. Tofauti ni sekunde 1.99. Igawe kwa mizunguko 12 na nusu: karibu sekunde 0.16 kwa kila mzunguko. Miaka 16 ya kusubiri, na kwenye wastani ni kama kupepesa jicho. Wiki chache baadaye, tarehe 7 Oktoba, mjini Valencia, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11.00, yaani mizunguko 25 kwa wastani wa sekunde 62.84.

Sasa weka kijana anayejifunza. Anataka mizunguko 10 kwa wastani wa sekunde 63. Mizunguko 9 imepita, wastani wake ni 64. Mzunguko wa mwisho lazima uwe 63 + 9 × (63 − 64) = sekunde 54. Amekuwa akichelewa sekunde moja tu kila mara, lakini madeni tisa yamemngoja mlangoni kwa pamoja. Kocha angemwambia baada ya mzunguko wa nne, deni lingekuwa sekunde 4 za kugawa kwa mizunguko sita iliyobaki, na angehitaji kama 62.33 kila mmoja. Hilo linawezekana. Ndiyo sababu nilisema wiki za mwanzo wa muhula ndizo za kuwekeza bidii.

Wageni wakija kwa kundi

Steji ya bodaboda ina vijana 10, wastani wa mapato ya siku ni shilingi 30,000. Wanaungana na steji ya jirani yenye vijana 5, wastani wao 36,000. Usiseme 33,000. Kila mgeni ana ziada ya 6,000, wageni ni watano, ziada yote ni 30,000, igawe kwa watu 15: 2,000. Wastani wa pamoja ni 32,000. Hakiki: 300,000 na 180,000 ni 480,000, kwa 15 ni 32,000. Nusu kwa nusu ni sahihi pale tu ambapo makundi mawili yana idadi sawa, au wastani wao tayari unalingana.

Mfanyabiashara wa maharagwe hutumia njia hiihii kujua kilo moja imemgharimu kiasi gani. Ana kilo 40 alizonunua kwa 3,000 kila moja, ananunua kilo 10 nyingine kwa 4,000. Pengo la 1,000, mara kilo 10, gawanya kwa kilo 50: 200. Kilo sasa imemgharimu 3,200. Akiamini ni 3,500 atapandisha bei na wateja watavuka kwenda kwa jirani. Na mzigo mpya ungekuwa kilo 40 kwa 4,000 na wa zamani kilo 10 kwa 3,000, gharama ya kweli ingekuwa 3,800; huyo akiamini 3,500 na kuuza 3,600 anapoteza 200 kwa kila kilo huku akitabasamu kwa wateja.

Kwetu mpakani kuna onyo moja zaidi. Kabla mgeni hajaingia, hakikisha anazungumza lugha ya wenyeji. Namba iliyoandikwa kwa shilingi za Kenya ikiingia kwenye safu ya shilingi za Uganda itaonekana ndogo mno na kuuburuta wastani chini, na hakuna atakayejua kwa nini. Badilisha fedha kwanza kwa kiwango cha siku hiyo, ndipo uhesabu. Debe na kilo ni vivyo hivyo.

Kuondoa na kusahihisha

Mgeni akiondoka, gawanya pengo lake kwa idadi iliyobaki, kisha toa. Mfugaji mwenye ng'ombe watano wa wastani 8 akimuuza yule wa lita 12: pengo 4, waliobaki 4, toa 1, unarudi kwenye 7 ya mwanzo.

Kusahihisha ni rahisi kuliko vyote, maana idadi haibadiliki. Darasa la watoto 30 lina wastani 54. Unagundua kwamba 81 ya mmoja iliandikwa 18. Makosa ni 63, gawanya kwa 30, ni 2.1. Wastani wa kweli ni 56.1. Tarakimu zilizogeuzwa kwenye mstari mmoja tu zimelishusha darasa zima.

Mgeni mkubwa kupita kiasi

Wauza mukene (dagaa) watano sokoni wamepata faida ya 15,000, 18,000, 20,000, 22,000 na 25,000. Wastani 20,000. Siku hiyo msimamizi anamwandika mwenye lori naye kwenye orodha, aliyepata 320,000. Pengo 300,000, gawanya kwa 6: wastani unaruka hadi 70,000. Hakuna hata mmoja kati ya wale watano aliyefikia nusu ya namba hiyo.

Hapo wastani umehesabiwa sawasawa, lakini haumwelezi mtu yeyote aliye sokoni. Tumia mediani: panga namba kutoka ndogo hadi kubwa, chukua ya katikati. Mwanzoni ilikuwa 20,000. Baada ya mwenye lori kuingia namba ni sita, kwa hiyo za katikati ni mbili, 20,000 na 22,000, na nusu ya njia kati yake ni 21,000. Mediani imesogea hatua moja, na ingesogea hatua hiyohiyo hata kama mwenye lori angepata milioni tatu. Mtu akija kupanga ushuru wa soko kwa kutumia wastani, mwombeni mediani pia.

Kuutunza wastani kila siku

Ukitumia kanuni yetu kila jioni, unaweza kuutunza wastani wa mwaka mzima kwenye kikaratasi kimoja. Lakini usikatekate desimali njiani. Angalia: siku tatu ng'ombe ametoa 10, 10 na 11, wastani 10.33, wewe unaandika 10. Siku ya nne anatoa 11: pengo 1, gawanya kwa 4, ni 10.25, unaandika 10. Siku ya tano 11: 10.2, unaandika 10. Wastani wa kweli siku hiyo ni 10.6, na kama ataendelea kutoa 11 kila siku utakuwa unakaribia 11, ilhali daftari lako litasema 10 mpaka mwaka uishe. Njia salama ni kuandika jumla na idadi, safu mbili, na kugawanya pale tu unapotaka kuusoma wastani.

Jaribu mwenyewe

Funika majibu kwa kiganja.

Mikungu 9 ya matoke ina wastani wa kilo 20. Wa kumi una kilo 35. Wastani mpya?

Wanachama 19, wastani 150,000. Wa ishirini anaweka 50,000. Wastani mpya?

Majaribio 4, wastani 58. La tano liwe ngapi ili ufike 60?

Makundi mawili ya wakulima: 30 wenye wastani wa magunia 4 ya mahindi, na 10 wenye wastani wa 8. Wakiungana?

Majibu: la kwanza, pengo 15 kwa 10, kilo 21.5. La pili, pengo hasi 100,000 kwa 20, inashuka 5,000, unabaki 145,000. La tatu, deni 2 mara 4, ongeza 60, ni 68. La nne, ziada ya 4 mara wakulima 10 ni 40, kwa 40 ni 1, kwa hiyo magunia 5. Kama uliandika 6, rudi kwenye steji ya bodaboda uisome tena, kalamu mkononi.